Doti, slashi na andaskoo kwenye nukta nundu: maswali yenu ya mwezi huu

Mbukwenyi wasomaji wangu. Mwezi huu barua na meseji nyingi zimekuja na jambo moja, jinsi ya kuandika adresi za mtandao na alama za uandishi kwenye nukta nundu ya Kiingereza, mpaka nimeona ukurasa wote uwe wa hilo tu. Mi mwenyewe nasoma kwa vidole tangu utoto, kwa hiyo maswali haya yananigusa.

Kabla hatujaanza tuelewane kitu kimoja. Kiswahili kinaweza kutuchanganya hapa maana nukta ni vile vinundu sita vya seli, yaani kile kichumba cha herufi moja, alafu nukta hiyohiyo ndo tunayomalizia sentensi. Humu nikisema nukta namaanisha kinundu, namba 1 mpaka 3 kushoto kutoka juu kushuka chini na 4 mpaka 6 kulia vivyo hivyo, na ile ya kwenye adresi nitaiita doti kama tunavyoitamka wote. Seli yenye nukta ya pili, ya tano na ya sita nitaiandika 2-5-6.

SWALI
Shikamoo mwalimu. Nafundisha kitengo cha wasioona kwenye shule ya msingi huku Kongwa. Nukta nundu nilijifunza zamani, na vitabu vilivyokuwa na mambo ya kompyuta vilikuwa vya msaada kutoka Marekani. Watoto nimewafundisha doti ya adresi ni 4-6, slashi ni 3-4, na com wanaandika kwa kifupisho cha 3-6, yaani seli moja badala ya herufi tatu. Sasa kaja mwalimu kijana anawaambia doti ni 2-5-6, ileile ya mwisho wa sentensi, na slashi ni seli mbili. Watoto wananiuliza nani mkweli. Niwajibu nini?
Mwalimu wa kitengo, Kongwa

JIBU
Marahaba mwalimu, na pole kwa kuwekwa hapo katikati mbele ya watoto. Huyo kijana yuko sahihi kwa sasa hivi. Na wewe hukudanganya mtu, ulifundisha kilichoandikwa kwenye vitabu ulivyopewa, waambie hivo hivo watoto wala usione aibu.

Zamani Kiingereza hakikuwa na nukta nundu moja. Waingereza na yao, Wamarekani na yao, na hapo hapo Marekani maandishi ya kawaida yalikuwa na kanuni zake, hesabu na zake, kompyuta na zake. Doti ileile ambayo mwenye macho anaiona ni doti, kwa kidole ilikuwa 2-5-6 ikimaliza sentensi alafu ikageuka 4-6 ikiingia kwenye adresi, na adresi yenyewe inafunguliwa kwa alama ya seli mbili na kufungwa kwa alama nyingine ya seli mbili ili msomaji ajue hapa tumeingia kompyuta na hapa tumetoka. Mtoto anabeba mizigo mitatu kichwani kwa kitu ambacho mwenzake anayeona anabeba mmoja. Januari 1991 Abraham Nemeth, mwanahesabu asiyeona ambaye ndo aliyetunga nukta nundu ya hesabu ya Wamarekani, pamoja na Tim Cranmer, waliandika waraka wakiomba mambo haya yaunganishwe, maana waliona watu wanaikimbia nukta nundu na ugumu wake ni sababu mojawapo. Kazi ikachukua zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2004 baraza la kimataifa la nukta nundu ya Kiingereza likasema imeiva, Afrika Kusini ikaipokea mwaka huohuo, Nigeria, Australia na New Zealand 2005, Kanada 2010, Uingereza 2011, Marekani ikapiga kura 2012 na kuanza rasmi tarehe 4 Januari 2016, ambayo ni siku aliyozaliwa Louis Braille mwaka 1809. Ndo hiyo inayoitwa UEB, yaani Unified English Braille, nukta nundu moja ya Kiingereza kwa wote.

Kwa hiyo kitabu kipya cha Kiingereza kikija hapo shuleni kwako kutoka nchi yoyote kati ya hizo, doti ni 2-5-6 tu, iwe mwisho wa sentensi, iwe kwenye adresi, iwe kwenye namba kama 3.5, ukiacha vitabu vya hesabu vya Marekani ambavyo bado vinaweza kufuata ile ya Nemeth. Mtoto uliyemfundisha 4-6 ataisoma adresi yote vizuri na kwenye doti atakwama, au mbaya zaidi asikwame, apite na kitu kisichokuwepo.

Slashi nayo ina sababu yake nzuri na mi naipenda sana. Seli ya 3-4 tayari ina kazi, kwenye Kiingereza cha kufupisha ni "st", na ndani ya namba ndo mstari wa sehemu, yaani nusu unaandika alama ya namba, 1, 3-4, 2. Ukiitumia tena kama slashi, msomaji akikuta 1 na 2 na hiyo seli katikati atajuaje kama ni nusu au ni tarehe moja mwezi wa pili? Ndo maana slashi ikawekewa 4-5-6 mbele, alafu 3-4. Na tarehe ukiiandika kwa slashi, baada ya slashi alama ya namba inarudi tena.

Kuhusu com, UEB imefuta vifupisho tisa: ally, ation, ble, by, com, dd, into, o'clock na to. Hiyo com ya 3-6 ndo ilikuwa na shida kubwa kwenye adresi kwa sababu 3-6 ni kistari pia. Andika c, o, m, herufi tatu, basi.

Ukitaka kuwaonyesha watoto weka Perkins, ile mashine ya kuandikia nukta nundu, mezani na muandike pamoja www.necta.go.tz, maana hiyo ni adresi ambayo kila mmoja wao ataihitaji siku moja. w ni 2-4-5-6, mara tatu. Alafu doti: kidole cha kati cha kushoto kwa nukta ya 2, cha kati na cha pete cha kulia kwa 5 na 6, bonyeza pamoja. n, e, c, t, a. Doti. g, o. Doti. t, z. Seli 15, hakuna kifupisho hata kimoja, hakuna alama ya kufungulia wala ya kufungia, na hakuna nafasi popote. Kisha mbele yake ongezeni https, nukta pacha ambayo ni 2-5, alafu slashi mbili: vidole vitatu vya kulia vyote kwa pamoja, kisha pete ya kushoto na shahada ya kulia, rudia. Watoto wakishaipiga mara mbili tatu mkono wenyewe unakumbuka.

Vitabu vya zamani usivitupe, hadithi ni hadithi. Ila bandika karatasi ya nukta nundu kwenye jalada kwa ndani, uandike kitabu hiki ni cha kanuni za zamani. Hapa kwetu tuna Buigiri pale Chamwino barabara ya Morogoro, wasioona wamesoma pale vizazi na vizazi, unaweza kukuta babu na mjukuu wote wanasoma kwa vidole na babu akishika slashi anasoma st. Wasigombane, kila mmoja alisoma cha wakati wake, lakini adresi ya leo iandikwe kwa kanuni za leo.

SWALI
Habari mwalimu, mi ni mwanafunzi wa chuo hapa Dodoma, sioni kabisa. Nilipewa hendauti ya nukta nundu ina linki ndefu imekatwa mwisho wa mstari, nikaitaipu kama nilivyoisoma ikakataa, nimeitaipu kama mara kumi hivi. Rafiki yangu anayeona akaangalia kwenye ile ya wino akaniambia hakuna kistari pale. Nani kaweka kistari? Alafu kwenye adresi tunatumia gredi tuu, ile ya vifupisho, au herufi moja moja?
Mwaka wa pili, UDOM

JIBU
Salama mdogo wangu. Hilo la kistari limenikuta na mimi. Niliwahi kupewa karatasi kwenye semina, ina adresi ya kujaza fomu ya kozi niliyokuwa naitaka sana, mstari umeisha katikati ya neno na aliyeandika akaweka 3-6 kama tunavyofanya tukikata neno la kawaida. Nikaitaipu na kistari chake. Ukurasa haupo. Nikajua nimekosea mimi, nikarudia, nikabadilisha herufi kubwa na ndogo, nikaenda kwa jirani, siku zikaisha na fomu ikafungwa. Mpaka leo nikishika adresi imekatwa kwa kistari naumia, kwa sababu mwenye macho angepiga jicho mara moja akajua, sisi tunaamini kila kinundu kilicho chini ya kidole na ndo inavyotakiwa iwe.

Kwenye adresi kistari hakiongezwi kamwe. Adresi zenye kistari chake halisi zipo nyingi, kwa hiyo msomaji hana namna ya kujua kuwa hiki ni cha mwandishi na kile ni cha adresi. Kama adresi haitoshi kwenye mstari, jambo la kwanza ni kuishusha yote mstari wa chini, ianze mwanzo. Mstari wa karatasi kubwa ya Perkins una seli 40 na kitu, adresi nyingi zinatosha. Ikizidi hata hapo, kata baada ya slashi, pale ambapo pumzi yenyewe inakatika, na UEB ina alama yake ya mwendelezo, nukta ya 5 peke yake mwisho wa mstari, inamwambia msomaji bado hatujamaliza shuka chini. Mwambie aliyekuandalia hendauti, mwambie kwa upole lakini mwambie, maana wenzako pia wamepewa ileile.

Na kuna ndugu watatu wa 3-6 ambao lazima uwatofautishe. 3-6 peke yake ni kistari. 6 alafu 3-6 ni dashi. 4-6 alafu 3-6 ni andaskoo, ule mstari wa chini (_). Umeona, dashi na andaskoo zinatofautiana nukta moja tu, ya 4, na karatasi ikishasomwa sana au ikikaa chini ya vitabu vizito hiyo nukta inalala. Ukikuta dashi ndani ya adresi isimamie, rudi nayo polepole, karibu kila mara itakuwa ni andaskoo iliyochoka.

Gredi tuu: kanuni inasema adresi ikiwa ndani ya maandishi ya kawaida yenye vifupisho, vifupisho vinatumika humo pia. Kwa mfano neno Chamwino likiwa ndani ya adresi kwenye maandishi ya Kiingereza, ch ni 1-6, a, m, w, in ni 3-5, o. Wengi mnashtuka hapo lakini kidole kilichozoea kinasoma tu. Ila kama unamwandikia mtu ambaye hajakomaa kwenye vifupisho, weka 5-6 mara mbili kabla ya adresi, hiyo inasema kuanzia hapa mpaka nafasi inayofuata ni herufi moja moja. Mi binafsi nikimwandikia mtu ambaye atakwenda kuitaipu hapo hapo nafanya hivo, anapata herufi kama zilivyo kwenye kibodi, hana cha kufumbua kichwani huku mkono mwingine uko kwenye simu.

Umenikumbusha na namba, hujauliza lakini itakukuta. Herufi a mpaka j ni zilezile za tarakimu 1 mpaka 0. Faili likiitwa hesabu2b.pdf, baada ya 2 lazima uweke 5-6 kabla ya b, usipoweka linasomeka hesabu22. Hiyo wengi wanaijua. Wanayoisahau ni faili kama somo7.doc. Doti ni 2-5-6, na 2-5-6 baada ya tarakimu ni alama ya desimali pia, haikutoi kwenye namba, kwa hiyo d inayofuata inageuka 4 na msomaji anapata saba nukta nne alafu "oc" haijulikani ni nini. Weka 5-6 kabla ya d. Sehemu hii moja nimeona ikiwaangusha hata watu waliosoma sana, kwa sababu macho ya akili yanaona doti na kusahau kuwa kidole bado kiko ndani ya namba.

SWALI
Mwalimu pole na kazi. Nipo ofisi moja hapa Mtumba, tumepata printa ya nukta nundu na programu ya kubadilisha maandishi. Mi naona, nukta nundu nimejifunza kwa kusoma kitabu cha zamani. Kila nikichapa tangazo la Kiingereza mabano yanatoka seli mbili mbili, kitabu changu kinasema 2-3-5-6 kufungua na kufunga, nikawa narekebisha kwa mkono kabla ya kuchapa. Na alama ya kuuliza mara iko peke yake mara imewekewa kitu mbele. Programu imeharibika?
Karani, Mtumba

JIBU
Asante kaka kwa kuuliza, na asante kwa kujifunza, watu wa ofisini wanaojishughulisha hivi ni wachache na tunawahitaji. Programu ni nzima. Acha kurekebisha kuanzia leo.

Mabano sasa ni 5 alafu 1-2-6 kufungua, 5 alafu 3-4-5 kufunga. Yanatazamana kama kwenye wino, msomaji akiingia katikati ya mabano anajua kabisa huu ni mlango wa kuingilia au wa kutokea. Ile 2-3-5-6 ya zamani ilikuwa moja pande zote mbili. Leo ikisimama peke yake inasomwa "were", ikiwa katikati ya herufi inasomwa gg, kwa hiyo matangazo uliyorekebisha, naomba sana, yachapwe upya kama bado yako ukutani. Najua karatasi ya nukta nundu ni ghali. Lakini mtu anayesoma namba ya chumba ndani ya mabano akakuta gg mbele yake anaweza kwenda chumba kingine kabisa.

Alama ya kuuliza ni 2-3-6. Hiyo seli ina kazi tatu: ikishikana na mwisho wa neno ni kuuliza, ikianza mbele ya neno ni kufungua usemi, ikisimama peke yake kati ya nafasi mbili ni neno "his". Sasa ukitaka alama ya kuuliza isimame peke yake, mfano kwenye fomu unapoacha jibu kwa alama hiyo tu, lazima itanguliwe na 5-6, vinginevyo inasomwa his. Ndicho ulichokiona kimewekwa mbele. Na 3-5-6 ni ndugu yake, mwisho wa neno inafunga usemi, peke yake ni "was". Programu inajua haya yote.

Kuna jingine dogo ambalo kwenye matangazo ya ofisi ni la kila siku, e-mail yenye kistari. Herufi e ikisimama yenyewe ni kifupisho cha "every", na kistari hakizuii kusimama yenyewe, kwa hiyo bila 5-6 mbele yake umeandika every-mail. Programu itaiweka hiyo 5-6. Ukiiona usiifute ukidhani ni uchafu.

Doti tatu za kuachia maneno, zile za zamani zilikuwa 3, 3, 3, sasa ni 2-5-6 mara tatu. Mkato ni nukta ya 2, nukta mkato 2-3, mshangao 2-3-5, hizo hazina shida.

Sasa la adresi kwenye matangazo yenu. Mkishaandika adresi mwisho wa sentensi mnaweka doti ya kumaliza, na doti ya kumaliza ni ileile 2-5-6 ya ndani ya adresi. Mwenye macho anaona imekaa mwishoni anaiacha. Sisi tunaigusa, na tunasimama kujiuliza. Panga sentensi upya ili adresi iwe katikati, au iweke kwenye mstari wake bila doti ya mwisho, ni kazi ya dakika moja na msomaji wako hatajiuliza tena. Ile rangi ya bluu na mstari wa chini ambavyo kompyuta inaweka kwenye linki achana navyo, zima kabisa kabla ya kubadilisha, maana ukiviacha programu inaweza kuweka alama za kupigia mstari mbele ya adresi na hizo ni seli za ziada zisizo na faida kwa anayetaka kuitaipu. Na kama mmeandika adresi kwa herufi kubwa zote, mjue kila baada ya doti alama ya herufi kubwa inabidi irudiwe, nukta ya 6 mara mbili kwa kila kipande, adresi inakuwa ndefu bila sababu. Jina la tovuti halijali kubwa wala ndogo, andikeni ndogo. Kinachofuata baada ya slashi ndo kinaweza kujali, hicho kiacheni kama kilivyo.

Alafu kabla hamjabandika, mpeni mfanyakazi mmoja asiyeona alisome kwanza, kama hamna ofisini kwenu mtafuteni mjini, mlipeni nauli na muda wake. Macho yako yanaangalia kama nukta zimetoka. Kidole chake kinasoma.

SWALI
Mwalimu naomba msaada, mimi ni mama tu sijasomea haya mambo. Mwanangu yuko bweni kidato cha pili, haoni. Amenunuliwa simu ya kumsomea na anataka imeili yangu aandike mwenyewe, hataki mtu amsomee. Nina kile kibao kidogo na kalamu yake ya chuma ya kudidimizia, alinifundisha alfabeti likizo ya Desemba. Ile alama ya at naiandikaje?
Mama, Nkuhungu

JIBU
Mama hongera, na huyo mtoto mpe heshima yake, anataka mlango wa kuingilia mwenyewe.

Alama ya at ni seli mbili: nukta ya 4 peke yake, alafu nukta ya 1 peke yake, yaani kama vile herufi a yenye kinundu kimoja kabla yake. Hiyo 4 ndo inayopotea. Ni kinundu kimoja juu pembeni, ukikididimiza kivivu kidole kinakipita, na mwanao badala ya mama@example.com anasoma mama aexample.com, nafasi tupu alafu a, anataipu hivo na imeili haifiki kwako. Natumia example.com kwa kuwa hiyo imetengwa kwa mifano, wewe weka ya kwako. Didimiza hiyo 4 kwa nguvu mpaka usikie karatasi inaitika.

Kwa kibao unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, si unakumbuka, maana nukta zinatokea upande wa pili wa karatasi. Kwa hiyo unapodidimiza nukta ya 1 iko kulia kwako juu, na ya 4 iko kushoto juu. Ukisahau kugeuza, e inatokea i, d inatokea f, h inatokea j, na w tatu za mwanzo wa tovuti zinatokea r tatu. Kwenye barua ya kawaida mtoto angebahatisha kutokana na maneno yaliyo jirani. Kwenye imeili hakuna jirani wa kumsaidia, rrr ni rrr.

Andika hivi, polepole, usiache nafasi hata moja: m ni 1-3-4, a ni 1, m tena, a tena. Kisha 4. Kisha 1. Kisha e 1-5, x 1-3-4-6, a 1, m 1-3-4, p 1-2-3-4, l 1-2-3, e 1-5. Doti, 2-5-6. c 1-4, o 1-3-5, m 1-3-4. Kama imeili yako ina tarakimu weka kwanza alama ya namba, 3-4-5-6, na kama baada ya tarakimu kuna herufi kati ya a na j, weka 5-6 katikati kama nilivyomwambia yule wa chuo hapo juu. Kama kibao chako ni cha mistari mifupi anza mstari mpya kabisa kwa ajili ya imeili, isikatwe.

Usiandike vifupisho, hujavijua na hapa havihitajiki.

Ukimaliza itoe karatasi, igeuze, fumba macho uisome kwa kidole chako kutoka kushoto. Ukifika kwenye at simama. Kama unasikia vinundu viwili, cha kwanza peke yake kulia juu na cha pili peke yake kushoto juu ya seli inayofuata, iko sawa. Andika nakala mbili, moja aiweke kwenye daftari na moja kwenye begi, karatasi za bweni zinapotea.